Ripoti ya Jezi Namba Thelathini na Moja

1.

AKADEMIA YA WILAYA, IDARA YA VIPAJI
FOMU YA TATHMINI: MKABAJI WA KIUNGO, CHINI YA MIAKA 18

Mtathmini: Wilondja Asukulu
Wanaotathminiwa: watatu
Nafasi iliyopo: moja

Maelekezo: Mkabaji hupewa mchezaji mmoja wa timu pinzani, yule hatari kuliko wote, aambatane naye mchezo mzima asipate mpira. Mtathmini asihesabu mkabaji amegusa mpira mara ngapi. Ahesabu mtu wake amegusa mara ngapi.

Tarehe za kuzaliwa zimethibitishwa?
Petrie: Ndiyo.
Rann: Ndiyo.
Mmunga:

2.

Mimi ndiye huyo Wilondja. Nasema mapema msije mkadhani nilijificha. Kalamu ilikuwa yangu, na mimi ndiye niliyeisimamisha hapo kwenye jina la tatu.

Ninaishi katika mji wa matunda, saa mbili kwa gari kaskazini mwa Melbourne. Sisi Wabembe tuko wengi hapa. Tulitoka Kongo, tukakaa kambini mkoani Kigoma, wengine miaka kumi, wengine ishirini, halafu tukaletwa huku kupakia mapeasi kwenye maboksi. Asubuhi mimi ni mkalimani wa shule. Jioni na Jumamosi natathmini vijana wa akademia ya mpira. Siyo mpira ule mliouzoea. Ni huu wa Kiaustralia: mpira una umbo la yai, wachezaji ni kumi na wanane kila upande, mchezo una robo nne, unadaka, unapiga teke, unakumbwa mpaka unasahau ulikotoka. Niliupenda nikiwa na miaka ishirini na sita, na mpaka leo mke wangu ananicheka.

Jumanne ile Heather Dunstan, mkurugenzi wetu, aliniita ofisini akafunga mlango.

Heather hafungi mlango.

"Wil," alisema. Jina langu lote hawezi, na hajawahi kujaribu. "Huyu Lubunga Mmunga. Unamfahamu?"

"Namtathmini kila Jumamosi."

"Nauliza familia."

"Mama yake tunasali naye."

"Vizuri." Alisukuma karatasi mezani. "Soma. Halafu uniambie kama watu wenu huwa..."

"Watu wetu huwa nini?"

"Unajua ninachouliza, Wil."

Nilijua. Nilisoma karatasi mara mbili, nikairudisha.

"Usimwambie yeyote," alisema. "Mtazame tu. Ongea na mama yake kwa lugha yenu, kama maongezi ya kawaida. Mwezi wa tisa bodi itajadili ajira yako ya kudumu, na jambo kama hili lingeonyesha kwamba wewe..."

Hakumaliza. Alifungua mlango, akatabasamu, na mimi nikatoka nikiwa tayari nimekubali.

3.

(Barua. Imeandikwa kwa mkono, kwa Kiingereza cha darasa la wageni. Haina jina. Nimeitafsiri neno kwa neno.)

Kwa Mkuu wa Akademia. Huyu mtoto Lubunga, jezi 31, siyo miaka kumi na saba. Ni mkubwa. Ana miaka ishirini au zaidi. Siyo haki mtoto huyu kucheza na wale wengine. Karatasi za mtoto zina uongo. Msiite polisi. Msiandike popote. Mtoeni tu huyu mtoto kwenye timu. Asante. Ni mimi, mtu anayejua.

4.

Mmoja wetu.

Hilo ndilo nililoondoka nalo. Kiingereza kile ni cha kwetu. Jumapili kanisani nilikaa kiti cha nyuma, mahali ambapo sikai, nikatazama migongo ya watu. Nani anamwonea wivu Mama Lubunga? Mzee wa kanisa, ambaye mwanawe aliachwa na akademia mwaka jana? Yule fundi cherehani? Walipogeuka kupeana mikono ya amani, kila mkono nilioushika niliutazama kwanza.

Mama Lubunga alinipa mkono wake pia. Ulikuwa na mikwaruzo ya maboksi.

"Baba Sifa, leo umehamia nyuma?"

"Mgongo unaniuma."

"Pole, ndugu yangu." Akaendelea kunitazama kidogo zaidi ya inavyohitajika kwa mtu wa mgongo.

5.

(Uzioni, Jumamosi, robo ya pili. Wazazi wawili, vikombe vya kahawa mkononi. Hawakujua nimesimama nyuma yao, au walijua.)

"Ona mapaja yale."

"Kumi na saba! Mimi ni kumi na saba basi."

"Kwao huenda ana mke."

"Na watoto."

"Nani atahakikisha? Karatasi zao wanaandikiana wenyewe."

Nilitaka kusema neno. Nilikuwa na daftari mfukoni lenye maneno yale yale, yameandikwa kwa adabu zaidi.

6.

ANGUS PETRIE. Mtu wake amezoea kugusa mpira mara 24. Leo: 19. Robo ya kwanza anafuata vizuri. Ya tatu anachoka, anaanza kushika jezi, refa anamwona.

KOBI RANN. Mtu wake amezoea 26. Leo: 15. Mjanja. Anamchokoza mtu wake kwa maneno hadi mtu anakasirika na kusahau mpira. Akijibiwa, anakasirika yeye.

LUBUNGA MMUNGA. Mtu wake, Declan, nahodha wa wapinzani, amezoea 31. Leo: 9.

Tisa.

Miaka mitatu kwenye kazi hii sijawahi kuandika tisa. Baada ya mchezo nilimuuliza anafanyaje.

"Natazama kiuno, mjomba," alisema. "Uso unadanganya. Mikono inadanganya. Kiuno kikigeuka, mtu ameshaamua."

"Nani alikufundisha?"

"Hakuna." Akacheka, na katikati ya kicheko sauti yake ilipanda juu kama ya msichana, ikashuka tena. Alikohoa kuificha.

Niliandika hilo pia.

7.

Daftari la mfukoni, si la ofisi:

– Hanyoi ndevu. Au ananyolea nyumbani.
– Anabeba mifuko ya mazoezi minne kwa mkono mmoja.
– Sauti. (Je, mtu wa miaka ishirini sauti yake bado inavunjika?)
– Februari alivaa viatu namba 42. Juni namba 45. Nilimuuliza mtunza vifaa kwa hila. Alisema, "Huyu atatufilisi kwa viatu."
– Akiumia anatazama kwanza kama mama yake yupo uzioni.
– Aprili, mchezo wa mvua: aligongwa kichwani. Mtikisiko wa ubongo. Wiki tatu nje.
– Anamwamkia kila mtu mzima shikamoo, hata refa wa Kizungu, ambaye sasa anajibu "marahaba" bila kujua maana yake.
– Hajui siku

Mstari huo wa mwisho sikuumaliza kwa sababu alitokea mbele yangu akiuliza kama nahitaji maji.

8.

Mimi ni Lubunga. Jezi thelathini na moja.

Kuna mtu ananifuata. Simaanishi uwanjani, kule mimi ndiye ninayefuata. Namaanisha Baba Sifa. Nikivua viatu anaviangalia. Nikicheka anaandika. Wiki iliyopita aliniuliza nilipong'oka jino la kwanza nilikuwa wapi. Nani anakumbuka hilo?

Ninachokijua kuhusu kukaba ni hiki: yule unayemkaba anajua. Anajifanya hakuoni, lakini hatua zake zinafupika. Mimi zangu zimefupika. Nafunga mkanda wa begi mara mbili. Naoga wa mwisho.

Nilimwambia mama. Aliacha kukata vitunguu.

"Anaandika nini?"

"Sijui. Ni mtathmini, mama, anatathmini."

"Usimjibu kitu kuhusu kambi. Sema hukumbuki."

"Lakini kweli sikumbuki."

"Basi vizuri," alisema, na akaendelea kukata vitunguu ambavyo vilishakatika zamani.

9.

TANGAZO LA NDANI

Kufuatia taarifa iliyopokelewa, Akademia imeamua kwamba iwapo mchezaji wa jezi namba 31 atapendekezwa kwa nafasi ya mkabaji, atapigwa picha ya eksirei ya kifundo cha mkono wa kushoto ili kukadiria umri wa mifupa yake. Miadi: Alhamisi, saa nne asubuhi. Iwapo hatapendekezwa, zoezi hilo halitakuwa na ulazima.

Ripoti ya mtathmini iwasilishwe Jumatatu, siku tatu kabla.

Jambo hili ni la siri. Tunathamini utofauti wa wanajamii wetu.

10.

Jumatano nilikwenda kwa Mama Lubunga na mkate wa ndizi aliouoka mke wangu. Mtu anayekwenda kupeleleza hubeba kitu mkononi.

Alinikaribisha, akaweka chai. Mtoto alikuwa shule. Ukutani kulikuwa na picha moja tu ya kambini: yeye, kijana bado, amebeba mtoto wa mwaka mmoja hivi.

"Huyu ndiye Lubunga?" niliuliza.

Alichelewa. Kidogo sana, kama mtu anayehesabu sukari.

"Ndiyo. Ni Lubunga."

"Alizaliwa upande gani wa kambi? Sisi tulikuwa karibu na kisima cha shule."

"Baba Sifa, umekuja kunywa chai au umetumwa?"

Nilikunywa chai.

"Mwanao ni mzuri sana uwanjani," nilisema. "Nataka kumpendekeza. Lakini kuna watu wanasema maneno. Wanataka kumpiga picha ya mkono, wajue umri."

Kikombe chake kilikuwa kinakwenda mdomoni. Hakikufika.

"Picha gani?"

"Ya mifupa. Inaonyesha mtu ana miaka mingapi."

"Mifupa inasema?"

"Inasema."

Aliweka kikombe chini ya meza badala ya juu. Chai ilimwagika kwenye zulia, na hakuna kati yetu aliyeinama kuifuta.

"Mimi nilisema wamtoe tu," alisema polepole. "Sikusema wampige picha."

11.

Nilisema wamtoe tu.

Mtoeni tu huyu mtoto.

Kwenye gari langu, mtaani kwake, mwenzenu nilikaa dakika kumi bila kuwasha injini. Nilikuwa na nakala ya barua. Nilihesabu. Mtu anayetaka kuthibitisha kwamba kijana ni mtu mzima wa miaka ishirini amemwita "mtoto" mara nne katika barua ya mistari saba.

Wiki zote hizo nilishuku kanisa zima.

Nilirudi kubisha hodi. Mlango ulikuwa wazi. Alikuwa amepiga magoti anafuta chai.

"Mama Lubunga. Kwa nini umshtaki mwanao mwenyewe?"

"Funga mlango," alisema.

12.

Mimi ni Mama Lubunga. Hilo ni kweli. Andika hilo kwanza kwenye daftari lako.

Nilizaa watoto wawili wa kiume. Wa kwanza ndiye Lubunga. Wa pili ni Alimasi, walipishana miaka miwili. Lubunga alikuwa kwenye faili langu, mimi na yeye, watu wawili, baba yao alikuwa ameshakufa. Alimasi alikuwa bado hajaandikishwa. Kila nikienda dirisha lilikuwa limefungwa, au mashine imeharibika, au njoo mwezi ujao. Unaijua ile njoo mwezi ujao.

Lubunga alifariki kwa malaria. Siku mbili tu. Alikuwa na miaka mitatu na miezi mitatu, alishajua kuimba.

Wiki ya tatu baada ya mazishi, jina langu likabandikwa ubaoni. Usaili wa kwenda Australia. Mama mmoja, mtoto mmoja wa kiume, Lubunga. Nilimuuliza jirani, nikisema huyu amekufa ila ninaye mwingine, itakuwaje? Akasema faili litarudi mwanzo. Yeye lake lilirudi mwanzo kwa sababu ya herufi moja, miaka tisa.

Nikambeba Alimasi mgongoni nikaenda.

Afisa alitazama karatasi, akatazama mtoto. Akasema, huyu ni mdogo sana kwa umri wake. Mimi nikanyamaza. Akaandika: utapiamlo.

Ndivyo tulivyopita.

Sikumwambia. Ningemwambiaje? Alianza shule na watoto wanaomzidi miaka miwili, na alikuwa wa mwisho, nikasema atazoea. Akazoea. Mwaka huu amerefuka ghafla, watu wanaona mwanamume. Mimi naona mtoto wa miaka kumi na tano, anaangushwa na watu wenye ndevu. Aprili alipogongwa kichwa, hospitali aliniuliza mimi ni nani. Dakika kumi nzima. Mama, nikamwambia, mimi ni mama. Akasema, mama wa nani?

Nilimkataza mpira. Akalia wiki. Ningesema nini kwa akademia, kwamba ni mdogo mno? Karatasi zinasema kumi na saba. Basi nikaandika ni mkubwa mno. Nilidhani watamtoa, yaishe. Sikujua kwamba huku mtu akishukiwa wanatafuta mpaka kwenye mifupa.

Sasa umejua. Wewe na mimi na Mungu.

Uamue unafanya nini na hilo daftari.

13.

Mchezo wa mwisho wa majaribio. Jumamosi, jua kali, upepo wa kaskazini.

Kocha alimpa Lubunga amkabe Declan tena.

Robo ya kwanza Declan aligusa mpira mara mbili. Robo ya pili mara moja. Nilisimama uzioni na kwa mara ya kwanza sikumtazama kwa kumshuku. Nilimtazama nikijua, na ilikuwa vibaya zaidi. Ana miaka kumi na tano. Kila walipokutana, niliona mabega ya mtu na mabega ya mtoto, na mtoto ndiye aliyekuwa anashinda.

Robo ya tatu walimvizia. Wawili. Declan alikimbia moja kwa moja kwa mwenzake aliyesimama kama ukuta, na Lubunga, macho kiunoni, hakuuona ukuta.

Alianguka.

Refa akapiga filimbi.

Nilishika waya wa uzio. Midomo yangu ilikuwa inataka kuita, na sikujua niite jina lipi.

Akainuka. Alitazama uzioni, akamtafuta mama yake, ambaye hakuwepo. Akaniona mimi. Akanyanyua kidole gumba. Daktari wa timu alimuuliza maswali, akayajibu yote, akarudi uwanjani kumfuata Declan kama mtu aliyesahau kumwambia jambo.

Mwisho wa mchezo: 7.

Heather alipita nyuma yangu. "Saba, Wil," alisema. "Hakuna kijana wa kumi na saba anayefanya hivyo."

"Kweli," nilisema. "Hakuna."

14.

RIPOTI YA MTATHMINI (imewasilishwa Jumatatu, saa tisa na dakika hamsini alasiri)

Kipengele cha 1, kasi: Nzuri.
Kipengele cha 2, stamina: Nzuri sana.
Kipengele cha 3, nidhamu: Nzuri sana.
Kipengele cha 4, mguso wa mpinzani: 9, 7.
Kipengele cha 5, historia ya majeraha: Mtikisiko wa ubongo, Aprili.
Kipengele cha 6, maoni: ~~Mwili wake bado unakua na~~ Mchezaji anahitaji uzoefu zaidi katika ligi ya mtaani. Arudi kutathminiwa baada ya miaka miwili.
Kipengele cha 7, umri: Sina sababu ya kuamini kwamba mchezaji huyu amezidi umri uliotajwa.

Pendekezo: KOBI RANN.

15.

Someni kipengele cha saba tena. Hakuna uongo ndani yake, hata herufi moja. Nilikitengeneza kwa saa nzima, kama fundi wa saa.

Kipengele cha sita ndicho kilichonitoa jasho. Nimewahi kumwambia mchezaji hafai naye hafai. Sijawahi kumwambia hivyo aliye bora kuliko wote. Mke wangu aliniuliza kwa nini sili. Nilimwambia tumbo. Naye akanitazama kama Mama Lubunga alivyonitazama kanisani, na nikaona sasa hata nyumbani kwangu kuna mtu anaanza kunishuku.

16.

Kutoka: H. Dunstan
Kwenda: W. Asukulu
Jumanne, saa mbili na robo asubuhi

Wil,

Asante kwa ripoti. Eksirei imefutwa kama ilivyokubaliwa.

Nina maswali machache. Takwimu zako na pendekezo lako havifanani. Pia, huenda hukujua kwamba mfumo wetu wa fomu hutunza maneno yaliyofutwa. Katika kipengele cha 6 uliandika kwanza kwamba mwili wa mchezaji bado unakua. Ningependa kuelewa ulimaanisha nini, na ulijuaje.

Tuonane Jumatatu ijayo. Njoo na daftari lako.

Heather

17.

Lubunga alinisubiri nje ya geti la shule ninakofanyia ukalimani. Hakusema shikamoo.

"Saba," alisema. "Nimemwacha Declan na saba. Halafu Kobi?"

"Lubunga..."

"Kobi mtu wake alipata kumi na tano! Umekuwa ukinifuata mwezi mzima, unaandika mpaka viatu vyangu. Nikadhani unanitafutia nafasi." Sauti ilimpanda, ikavunjika, na safari hii hakukohoa. "Wanasema mimi ni mzee. Kobi ameniambia. Wanasema kuna barua. Wewe ndiye uliyeandika?"

"Hapana."

"Nani sasa?"

Magari ya wazazi yalikuwa yanapita. Mtu fulani alipiga honi kutusalimia.

Ningeweza kumwambia. Maneno yalikuwa machache: jina moja na namba moja. Lakini hayakuwa yangu, na mtu hastahili kuambiwa kwenye maegesho ya magari kwamba amekuwa akiitwa kwa jina la marehemu.

"Nenda kazini kwa mama yako," nilisema. "Sasa hivi. Mwambie Baba Sifa amesema wakati umefika. Mwambie ripoti nimeshapeleka, picha haipo. Muulize yeye."

"Nimuulize nini?"

"Umri wako."

Alinitazama. Usoni kwanza. Halafu macho yakashuka taratibu mpaka kiunoni mwangu, akisoma kama nitageuka upande upi. Sikugeuka.

"Naujua umri wangu," alisema.

Lakini alikwenda.

18.

(Banda la kupakia matunda, muda wa mapumziko. Maneno ya mwanamke wa zamu, aliyonihadithia kanisani bila mimi kumuuliza.)

"Walikaa kwenye benchi la nje, yeye na mwanawe. Mama ndiye aliyekuwa anaongea. Mtoto ameinama tu. Sisi tukasema labda kuna msiba nyumbani Kongo. Kengele ya kurudi kazini ikalia, hawakuinuka. Msimamizi akataka kwenda, nikamwambia waache. Baadaye kijana akaondoka mwenyewe kwa miguu, hakumuaga. Akafika getini. Akarudi. Akamuuliza kitu kimoja, sisi hatukusikia. Mama akajibu neno moja. Akaondoka tena. Baba Sifa, kwani kuna nini?"

"Sijui," nilisema.

Aliniamini nusu.

19.

Siku nne hakuonekana mazoezini wala shuleni. Mama yake alinipigia mara moja tu. "Anakula," alisema. "Haongei, ila anakula." Nilimuuliza kama anajutia kumwambia. Alisema hajui bado, nimuulize baada ya mwaka.

Jumapili nilikaa kumwandikia Heather majibu ya kesho. Niliandika: Nilimaanisha kwamba.

Nikafuta. Nikakumbuka kwamba huku wanatunza hata vilivyofutwa. Nikachukua karatasi ya kawaida.

Nilimaanisha kwamba kijana

Nilimaanisha

Nikisema kweli, mama na mwanawe wanaweza kurudishwa kwenye dirisha lile lile, na safari hii si faili tu litakalorudi mwanzo. Nikisema uongo, utakuwa wa kwanza wenye sahihi yangu, na kuna Kobi, ambaye atachukua nafasi akidhani ameishinda. Nikinyamaza, Heather atasoma ukimya. Yeye pia ana macho, na kwa wiki nzima amekuwa akiyaweka kiunoni mwangu.

Simu ililia mezani. Ujumbe, namba ya Lubunga. Hakukuwa na salamu.

*Mjomba mazoezi ya chini ya miaka 16 ni siku gani*

Niliusoma nikiwa nimekaa. Nikausoma nimesimama. Nilimwita mke wangu aje auone, halafu nikaficha simu kabla hajafika.

Ili acheze huko, lazima mtu ajaze fomu. Ili fomu ijazwe, lazima tarehe ithibitishwe. Yeye hajui hilo, au analijua na ameuliza hivyo hivyo, kwa sababu ana miaka kumi na tano na anataka kucheza na wenzake.

Niliandika: *Jumatano, saa kumi na moja.*

Nikatuma.

Vidoti vitatu vikaanza kucheza upande wake. Vikasimama. Vikaanza tena.

*Nitajiandikisha kwa jina gani*